CC BY, OGL, ORC, DMs Guild au sera ya mashabiki: ugawe vipi ulichobuni kwa ajili ya Dungeons & Dragons?

Tuchukue mkasa wa kurasa 24 ulioandikwa kwa ajili ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la tano. Jahazi limevunjikia mwambani karibu na Kilwa Kisiwani, wachezaji wanaingia kwenye magofu kusaka shehena ya dhahabu ya Sofala, na chini kabisa, kwenye kisima kikavu, amejificha beholder, zimwi lenye jicho kubwa katikati na vijicho kumi. Yumo mchawi anayerusha Acid Arrow, yumo nahodha ambaye ni mpiganaji wa tawi la Battle Master, kuna kanuni mpya ya kusafiri kwa pepo za kaskazi na kusi, ramani mbili, na picha moja iliyookotwa mtandaoni. Mwandishi anataka kuugawa. Auweke wapi, na chini ya leseni gani?

Wengi huanza na pesa: nauza au natoa bure? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni umeazima nini, na kutoka kwa nani, kwa sababu kila njia kati ya hizi tano inakuruhusu kuazima vitu tofauti. Ukishalijibu hilo, njia mbili au tatu hujiondoa zenyewe. La tatu, ambalo watu hulikumbuka wakiwa wameshachelewa, ni kama siku moja utataka kuihamisha kazi yako.

Cha mtu ni kipi hasa

Kurusha dadu ya pande 20, kuongeza namba na kulinganisha na kiwango cha ugumu si mali ya mtu. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani inasema wazi kwamba hakimiliki hailindi wazo la mchezo, jina lake wala namna ya kuucheza. Kinacholindwa ni maneno yaliyotumika kuueleza, pamoja na picha na michoro. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ibara ya 9, una msimamo huohuo kuhusu mawazo na mbinu. Basi kanuni ya "rusha dadu mbili, chukua kubwa" unaweza kuieleza kwa maneno yako bila kumwomba mtu ruhusa. Ukinakili aya tatu za kitabu zinazoieleza, hapo umegusa hakimiliki.

Ukizitafsiri aya hizo kwa Kiswahili pia umeigusa. Haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, na kubadili lugha hakumfanyi mfasiri kuwa mwenye mali. Kugawa bure nako si kinga: faili ya bure iliyotafsiriwa bila idhini ni kosa lilelile, tofauti ni kwamba hukupata hata senti.

Alama ya biashara ni suala jingine kabisa. Jina Dungeons & Dragons na nembo yake haviji pamoja na leseni yoyote ya hakimiliki, hata iwe huria namna gani.

Kwa kifupi, njia tano zinasimama hivi. CC BY, OGL na ORC ni leseni huria, DMs Guild ni soko la mtandaoni, SRD ni waraka wa kanuni za msingi za mchezo, na Wizards ni Wizards of the Coast, kampuni inayoumiliki mchezo:

| Njia | Unachoruhusiwa kuazima | Kuuza | Kuweka kwingine | Sharti linalosahaulika |
|---|---|---|---|---|
| CC BY 4.0 | kilichomo ndani ya SRD tu | ndiyo | popote | tamko la chanzo, neno kwa neno |
| OGL 1.0a | SRD na vitabu vingine vya OGL | ndiyo | popote | leseni nzima ndani ya faili |
| ORC | kanuni za michezo mingine: Pathfinder mpya, BRP (Basic Roleplaying) na nyinginezo | ndiyo | popote | kanuni zako mpya nazo hufunguka |
| Sera ya mashabiki ya Wizards | wahusika, majina, dunia za kubuni | hapana | popote, mradi iwe wazi kwa wote | hata kudai barua pepe ni kosa |
| DMs Guild | kanuni na dunia zilizotajwa | ndiyo, unapata 50% | hapana | hakuna kurudi nyuma |

CC BY 4.0: chaguo la kwanza kwa walio wengi

Njia hii ilizaliwa kwa ugomvi. Mwanzoni mwa Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya ya Wizards of the Coast, OGL 1.1, iliyotaka mirabaha ya asilimia 25 kwa mapato yanayozidi dola 750,000 na kuwataka wachapishaji wengine watoe taarifa za mapato yao. Wachezaji walikuja juu. Tarehe 27 Januari kampuni ilirudi nyuma: OGL 1.0a ikaachwa kama ilivyokuwa, na SRD 5.1, waraka wenye kanuni za msingi za toleo la tano, ukatolewa chini ya Creative Commons, leseni ya kutaja chanzo. Aprili 2025 ukafuata SRD 5.2, wenye kanuni zilizorekebishwa za 2024, chini ya leseni hiyohiyo. Leseni ya CC haiwezi kufutwa na aliyeitoa maadamu wewe unafuata masharti. Hapo ndipo thamani yake ilipo: hata kampuni ikibadili mawazo kesho, SRD haiwezi kuirudisha kabatini.

Lakini SRD si kitabu cha mchezaji. Hapa ndipo mikasa mingi inapokwama, kwa hiyo tuipekue 5.1 vizuri. Aina za mashujaa zimo zote 12, ila kila moja ina tawi moja tu: mpiganaji ana Champion, mwizi ana Thief, kasisi ana Life. Battle Master hayumo. Historia ya mhusika ni moja, Acolyte, na kipaji cha ziada ni kimoja, Grappler. Uchawi upo mwingi, ila majina ya wachawi maarufu yamekatwa: kitabuni utakuta Melf's Acid Arrow, Bigby's Hand, Leomund's Tiny Hut, na ndani ya SRD ni Acid Arrow, Arcane Hand, Tiny Hut. Ukiandika jina refu umetoka nje ya leseni, ingawa uchawi wenyewe ni uleule. Upande wa mazimwi, Djinni, Efreeti na Roc wamo na takwimu zao kamili, jambo zuri kwa yeyote anayeandika mikasa ya Bahari ya Hindi. Beholder na mind flayer hawana takwimu humo. Kutajwa kwa jina kwa kupita hakukupi zimwi lenyewe, macho yake na miale yake.

Kwa hiyo mkasa wetu ukitaka kupita njia hii, nahodha anakuwa Champion, au mwandishi anambunia tawi lake mwenyewe. Kisimani anakaa Efreeti, au dubwana jipya kabisa lisilo na jicho kubwa katikati na vijicho kumi juu ya vikonyo. Acid Arrow inabaki kama ilivyo. Kanuni ya kaskazi na kusi ni mali ya mwandishi, na anaweza kuifungia haki zote: CC BY haikulazimishi kufungua ulichobuni wewe. Wengine hulichanganya hili na CC BY-SA, ambayo kweli inalazimisha.

Kufuata masharti si kazi ya siku nzima:

1. Nakili tamko la chanzo lililo ukurasa wa mwanzo wa SRD unayotumia, neno kwa neno, kwa Kiingereza kilichomo. Lina jina la waraka, Wizards of the Coast LLC, anwani ya waraka na anwani ya leseni. Tamko la 5.1 si la 5.2, ukitumia zote mbili, weka yote mawili.
2. Sema kwamba umebadilisha. Kwa tafsiri, sentensi kama "Sehemu za SRD zimetafsiriwa kwa Kiswahili na kufupishwa" inatosha.
3. Usiongeze shukrani nyingine kwa Wizards. Waraka wenyewe unaomba hivyo, na leseni inakataza kujionyesha kama vile umeidhinishwa.
4. Kwenye jalada unaweza kuandika "5E compatible" au "compatible with fifth edition". Usiweke nembo ya joka wala jina kamili la mchezo kama kichwa.
5. Usifunge faili kwa kufuli za kidijitali zinazowazuia wengine kutumia sehemu ya SRD. Leseni inakataza.

Ukikosea, haki zako hukoma papo hapo, lakini zinarudi zenyewe ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili kuna faida moja kubwa zaidi. Wizards wametoa SRD 5.1 kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Ya Kiswahili unaweza kuitafsiri mwenyewe yote, ukaichapa, ukaiuza Kariakoo au ukaigawa bure, bila barua moja ya kuomba idhini. Kwa vitabu kamili vya mchezo huna ruhusa ya namna hiyo kwa njia yoyote kati ya hizi tano.

OGL 1.0a: leseni ya mzee, bado ina kazi yake

OGL ilitoka mwaka 2000 pamoja na toleo la tatu la mchezo. Kwa mkasa mpya wa toleo la tano, hatuoni sababu ya kuichagua. CC BY inakupa SRD 5.1 ileile kwa masharti machache. Sababu iliyobaki ni moja: unapoazima kutoka kwa wachapishaji wengine waliotumia OGL, mazimwi ya vitabu vya miaka ya 2000 hadi 2022, Pathfinder toleo la kwanza, na michezo mingi ya mtindo wa zamani. Nyenzo hizo hazimo ndani ya CC. Njia yake ni OGL.

Makosa ya OGL karibu yote yako sehemu nne. Sehemu ya 10 inataka nakala nzima ya leseni ndani ya kila faili. Kiungo cha tovuti hakitoshi. Sehemu ya 8 inataka uonyeshe wazi kipi ni huria na kipi si huria, na mtu akiacha ukurasa huo hakuna anayejua aazime nini kwake. Sehemu ya 15 ni orodha ya hakimiliki: unanakili orodha nzima ya kila kitabu ulichoazimia, kisha unaongeza mstari wa kitabu chako chini. Waandishi huongeza mstari wao na kusahau ya wengine. Sehemu ya 7 ndiyo kali zaidi, inakuzuia kusema kazi yako inaendana na alama ya biashara ya mtu bila idhini yake. Kile unachoruhusiwa chini ya sheria za kawaida, kutaja jina ili kueleza kweli, umekiuza kwa kuikubali leseni. Ndiyo maana vitabu vya zamani viliandika maneno ya kuzungukazunguka kama "mchezo maarufu zaidi duniani".

Neno "isiyofutika" halimo ndani ya OGL 1.0a. Imeandikwa ni ya kudumu tu, na pengo hilo ndilo lililowapa wanasheria pa kubishania Januari 2023.

ORC: wazi, lakini kwa pande zote mbili

ORC iliandaliwa na ofisi ya mawakili ya Azora Law baada ya sakata hilo, kwa kusukumwa na Paizo, wachapishaji wa Pathfinder, na toleo la mwisho likatoka Juni 2023. Haimilikiwi na mchapishaji yeyote na imeandikwa wazi kuwa haifutiki. Vitabu vya Pathfinder vilivyofanyiwa marekebisho tangu Novemba 2023 viko humo, na wachapishaji wengine, Chaosium, wameweka BRP chini yake.

Inagawa kila kitabu mafungu mawili. Kanuni na maelezo yanayozifanya zifanye kazi huwa huria moja kwa moja, utake usitake. Hadithi, wahusika, majina ya dunia yako, picha na alama zako vinabaki vyako. Chini ya ORC, basi, hadithi ya Kilwa ni ya mwandishi, lakini kanuni ya kaskazi na kusi inakuwa ya wote, pamoja na jedwali lake. Ukiwa unataka wengine wajenge juu ya kanuni zako, hii ni bora kuliko CC BY. Ukiwa na wazo la kanuni unalotaka kuliuza peke yako, usiingie.

SRD za Dungeons & Dragons hazimo ORC. Kuandika "ORC" mbele ya mkasa wa toleo la tano hakubadilishi chochote. Kunaonyesha tu kwamba hukuisoma.

Sera ya mashabiki: pana kwa maudhui, finyu kwa pesa

Hapa unapata kile ambacho leseni huria hazikupi: wahusika, miji na mazimwi ya Wizards wenyewe. Beholder wetu anarudi kisimani. Bei yake ni kwamba kazi lazima iwe bure kabisa, na "bure" hapa ina maana pana kuliko watu wanavyodhani. Huruhusiwi kudai malipo, usajili, kujaza dodoso, kupakua kitu kingine kwanza, wala kuacha barua pepe ndipo mtu apate faili. PDF inayotolewa kwenye kundi la Telegram la wanachama wanaolipa imevunja sera. Namba ya M-Pesa ya "ukipenda changia" chini ya faili iliyo wazi kwa wote haijaivunja. Michango, udhamini na matangazo vinaruhusiwa mradi visimzuie mtu kuipata kazi.

Lazima uweke tamko lao linalosema kazi si rasmi na haikuidhinishwa. Nembo haziruhusiwi. Kunakili vitabu au kugawa kanuni neno kwa neno hakuhesabiwi kuwa kazi ya shabiki, kwa hiyo tafsiri ya kitabu cha mchezaji haipiti hapa hata ukiitoa sadaka. Na sera si leseni ya kudumu: Wizards wanaweza kukuambia uondoe, na utaondoa. Kwa mchoro, wimbo au mkasa mfupi wa kuchezwa na marafiki hilo halisumbui. Kwa kazi ya miaka miwili, si msingi wa kujengea.

DMs Guild: mlango wa kuingia tu

Soko hili lilifunguliwa Januari 2016. Unaruhusiwa kutumia kanuni zote za toleo la tano, Battle Master na beholder wakiwemo, pamoja na dunia kama Forgotten Realms, Ravenloft na Eberron, na unaruhusiwa kuuza. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokupa hayo mawili kwa pamoja. Kuna pia mafurushi ya picha za Wizards kwa waandishi, ambazo zinatumika kwa kazi za soko hilo tu.

Angalia hesabu. Mkasa wa dola 4 unakupa dola 2. DriveThruRPG, duka jingine la mtandaoni, kwa kazi ya CC BY au OGL, mgao wa kawaida umekuwa asilimia 65 kwa anayeuza pia kwingine, yaani dola 2.60, na 70 kwa anayeuza hapo tu. Kwenye itch.io muuzaji anapanga mwenyewe asilimia ya tovuti. Ukiiacha kwenye 10 ya kawaida unabaki na dola 3.60 kabla ya ada za malipo. Kabla ya hesabu zote hizo, hakikisha PayPal ya nchi yako inapokea pesa. Kenya mtu anaweza kuzitoa hadi M-Pesa, lakini kuna nchi ambako akaunti inaruhusu kutuma tu, na mwandishi huligundua hilo akiwa ameshauza.

Tofauti hiyo ya mgao si hoja kubwa. Kubwa ni kwamba kazi iliyoingia haiwezi kuuzwa kwingine, na ulichobuni ndani yake kinaweza kutumiwa na Wizards na waandishi wengine wa soko hilo. Ukiiondoa dukani, ruhusa uliyoitoa haiondoki. Kwa mkasa wa Kilwa tungesema hapana. Hauhitaji Forgotten Realms, na kumbadilisha beholder na kumgeuza nahodha kuwa Champion ni kazi ya jioni moja. Kutoa kanuni ya pepo na dunia yako yote kwa ajili ya zimwi moja ni biashara mbovu. Kwa mtu anayeandika mwendelezo wa Baldur's Gate, mji wa Forgotten Realms, hesabu inageuka, kwani nje ya hapo hana pa kuuzia.

Pathfinder Infinite ya Paizo na Miskatonic Repository ya Chaosium hufuata mtindo huu, kila moja na mkataba wake.

Picha, ramani na hadithi za jadi

Kanuni ukiziweka sawa, kinachobomoa kazi ni picha. Ile iliyookotwa mtandaoni itoke. Picha ya CC BY-NC haiingii kwenye faili ya kuuza, na ya CC BY-ND huruhusiwi kusambaza ukiwa umeibadilisha. Programu nyingi za kuchora ramani zina daraja mbili, la bure kwa matumizi binafsi na la kulipia kwa biashara, na sharti hilo linashika hata ramani uliyoichora mwenyewe kwa vipande vyao. Fonti nazo zina leseni. Tengeneza folda moja yenye leseni ya kila picha na kila fonti, ikiwa na tarehe na picha ya skrini ya ukurasa ulikoipata, kwani kurasa hizo hubadilika.

Hadithi za majini na mizimu ya pwani si mali ya mtu mmoja, lakini usinakili hadithi kutoka kwenye kitabu cha mkusanyaji. Maneno yake ni yake, na Kenya na Tanzania humlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa kazi ya kibiashara, soma pia sheria ya Kenya ya 2016 kuhusu maarifa na sanaa za jadi, na masharti ya sanaa za jadi katika Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA.

Ukipata notisi ya kuondoa kazi

Tovuti nyingi za kugawia faili hizi ziko Marekani, na hufuata utaratibu wa DMCA, sheria ya huko ya hakimiliki ya kidijitali. Mwenye madai akituma notisi, tovuti huondoa faili kwanza. Ukiamini amekosea unaweza kutuma notisi ya kupinga, na asipofungua kesi, faili hurudishwa kati ya siku za kazi 10 na 14. Watu hujaza fomu hiyo kwa hasira bila kuisoma: ndani yake unatamka, kwa kiapo, kwamba faili iliondolewa kimakosa, na ukiwa nje ya Marekani unakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya huko. Ukiwa Mombasa au Mwanza, usiitie saini kwa sababu ya ukurasa mmoja wenye Battle Master. Mwandikie mlalamikaji umuulize ni kipengele gani hasa, kitoe, weka tamko lililokosekana, kisha pandisha faili mpya yenye namba mpya ya toleo.